Ukavu ukeni si ushahidi kwamba mapenzi yameisha

"Mke akiwa mkavu, basi hakutaki, au ana mwingine." Maneno haya yamevunja nyumba nyingi, na si kweli.

Mchukue mama anayenyonyesha mtoto wa miezi minne. Moyo wake unamtaka mumewe, lakini mwili hauitiki. Sababu iko kwenye maziwa: homoni ya prolaktini inayoyatengeneza huzuia kazi ya ovari (vifuko vya mayai), estrojeni, homoni ya kike inayotunza uke, inashuka, ngozi ya uke inakuwa nyembamba na ute wa kulainisha unapungua. Akiingiliwa hivyo anaumia. Siku nyingine mwili unakaza kabla hata hajaguswa. Mume anaona amekataliwa, kumbe mwenzake anaogopa maumivu. Waliofikia ukomo wa hedhi nao hupatwa na hali hii. Kisukari na baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini, vilevile huweza kufifisha ashiki, yaani hamu ya tendo, na ute ukapungua.

Tiba ipo. Anzeni na muda: maandalizi yasiwe ya dakika mbili. Kilainishi cha maji kinauzwa famasi. Mafuta ya nazi au ya mgando msiyatumie na kondomu za mpira, huzidhoofisha zikapasuka. Aliyekoma hedhi anaweza kuandikiwa na daktari krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Zile "dawa za kubana" za mitaani, shabu na nyinginezo, achaneni nazo kabisa, zinakausha na kuchubua palepale panapouma.

Nawe mume, kabla ya kumtuhumu, muulize kwa upole: "Mke wangu, panauma?"