Kinyonga akishuka chini: kumwandalia jike kutaga kwa mara ya kwanza

Juzi dada mmoja wa Ipagala, hapa Dodoma, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Daktari, kinyonga wangu amegoma kula. Siku ya tatu hii anazunguka chini tu, anakwaruza sakafu kama kuku." Nikamuuliza kama ana dume. Hana. Nikamwambia basi huyo si mgonjwa, anatafuta pa kutagia.

Wengi hushangaa hapo. Kinyonga jike akishakomaa anaweza kutengeneza mayai bila kuona dume, kama kuku wa mayai tu. Na kama aliokotwa porini, huenda alishapandwa zamani, kwa sababu jike hutunza mbegu za dume mwilini akazitumia baadaye. (Na kama aliokotwa porini, nakuomba ufuate kibali kwanza. Kinyonga wetu ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga hivi hivi.)

Ninayemzungumzia hapa ni yule wa kijani tunayemwona sana Dodoma, mwenye vifuniko kama masikio nyuma ya kichwa, Chamaeleo dilepis. Anaishi juu ya miti, lakini mayai huyafukia ardhini. Ukimfungia kwenye banda lenye sakafu ya mbao au vigae, hana pa kuchimba, naye hatagi hovyo hovyo. Atayazuia. Mayai yakikwama tumboni, mama hufa nayo.

Kwa hiyo usingoje hadi aanze kukwaruza. Ukiona tumbo limejaa pande zote mbili na vinundu vinaonekana chini ya ngozi, weka ndoo. Natumia ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyokatwa juu, najaza udongo kina cha sentimita 30 hivi. Mchanga wa korongoni peke yake hauna kazi, shimo litabomoka na yeye atakata tamaa. Changanya na udongo wa shambani, nusu kwa nusu, uloweshe kidogo kidogo. Chukua gao moja, fumba ngumi, kisha fumbua: bonge libaki limeshikana, na maji yasichuruzike. Kisha toboa kwa kidole pembeni. Kidole kikitoka na tundu likabaki wazi, hapo umepata. Panda na kamche kenye mizizi katikati, au simamisha tawi la kushukia. Wengi hupenda kuanzia kwenye shina.

Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14, na udongo wa ndoo hupoa kuliko chumba. Isogeze mahali jua la asubuhi linaipiga. Nimeona jike akichimba, akagusa baridi, akapanda juu akakaa wiki nzima.

Sasa jambo ambalo limeniumiza mimi mwenyewe. Akianza kuchimba, ondoka. Funika banda kwa kanga, waambie watoto wasipite, na wewe usichungulie. Jike wangu wa kwanza nilimfunua mara tatu ndani ya saa moja kwa sababu nilitaka kupiga picha. Aliliacha shimo, hakurudi tena. Siku ya tano alikuwa anafumba macho mchana, miguu haishiki tawi, na nilipoamua kumchoma sindano ya kalsiamu na oksitosini, homoni ya kusukuma mayai, nilikuwa nimechelewa. Kufumba macho mchana kwa kinyonga ni dharura. Usimsubirishe hadi Jumatatu.

Kuhusu chakula, kwa kifupi: mayai yanakula kalsiamu, hivyo nyunyizia panzi na nyenje unga wa kalsiamu isiyo na fosforasi. Unga wa kuku wa dukani mara nyingi una vyote viwili, soma mfuko. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini kama poda yanasaidia. Lakini bila jua kalsiamu hiyo haifiki popote, na jua lililopita kwenye kioo cha dirisha halihesabiki. Mtoe nje asubuhi, na kivuli kiwepo cha kukimbilia. Ila usimshindilie chakula ukidhani unamsaidia. Jike aliyenona hutaga mayai mengi kupita uwezo wake.

Maji hanywi kwenye bakuli, hulamba matone. Mimi nafunga mpira wa dripu kwenye chupa ya maji juu ya banda, unadondosha juu ya majani kutwa. Akishataga ndipo anapoyahitaji zaidi: atarudi juu amekonda, mbavu zinahesabika, ametapakaa udongo hadi machoni. Mpe maji kwanza, chakula baadaye.

Yule dada alipiga tena jioni ya siku iliyofuata. Amefukia, amekanyagakanyaga juu hadi huwezi kujua palichimbwa. Nikamwelekeza afukue kwa kijiko, aweke alama ya penseli juu ya kila yai na asiligeuze, ayalaze nusu kwenye mchanga wenye unyevu kwenye kopo lenye kifuniko. Ametoa 34. Yakiwa na mbegu yatakaa miezi mingi, pengine yakapitisha kiangazi kizima. Yakibonyea na kuota ukungu, ayatupe.