Uwili wa kidijitali: je, mtandao ni dunia nyingine?

Uwili wa kidijitali ni ile imani kwamba tunaishi katika dunia mbili: ya mtandaoni, inayohesabiwa kuwa ya kuigiza, na ya nje, ambayo ndiyo ya kweli. Jina hilo lilitolewa mwaka 2011 na mwanasosholojia wa Marekani, Nathan Jurgenson, naye hakulitoa kwa kusifu. Kwake hilo ni kosa la kufikiri: dunia ni moja, na simu imo ndani yake. (Baadaye aliajiriwa na Snapchat, kwa hiyo ukimtazama kwa jicho la pembeni sikulaumu. Hoja yake lakini ina mashiko.)

Tazama matanga yanavyopangwa Kisumu siku hizi. Mwili haujatulia mochari, grupu la WhatsApp limeshafunguliwa. Wanaingizwa ndugu, majirani wa Manyatta, wenzake marehemu wa chama cha kuweka akiba, binamu aliye Doha. Mweka hazina anabandika nambari ya M-Pesa, kisha orodha. Kila anayetuma pesa, jina lake linaongezwa chini na kiasi kando yake, halafu orodha nzima inatumwa upya: wa 17, shilingi 500, wa 18, shilingi 2,000. Hakuna anayetajwa kwa kutotoa, ila kila mtu anaisoma mpaka mwisho na anajua nani hayumo. Shemeji aliyesoma akanyamaza, akifika Siaya siku ya mazishi, atapewa mkono shingo upande. Alinyamazia kwenye simu. Aibu inamkuta chini ya hema. Na jeneza lililonunuliwa kwa pesa za orodha ile ni mbao na misumari.

Mambo huenda kinyume vilevile. Mazishi yakirushwa mubashara ili binamu wa Doha aone, msemaji hupima maneno hata kwa waliokaa mbele yake. Ugomvi wa shamba ambao angeutoboa hapo hapo anaumeza, maana kamera ipo.

Mfano wa Juni 2024 sina haja ya kuurefusha. Vijana wa Kenya walianza kuuchambua Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, kwenye X na TikTok, wakadharauliwa kuwa wanapiga kelele za mtandaoni. Muda si muda barabara za Kisumu na Nakuru zilijaa waandamanaji, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Hata hivyo, si kwamba kuandika na kuongea ana kwa ana ni mamoja. Umbea wa soko la Kibuye hubadilika kila unapopita mdomo mwingine, na mwenye kuusema anaweza kuukana. Picha ya skrini haikaniki. Tena sokoni unamwona anayekusikiliza. Kwenye simu, mama mkwe na mwajiri wako wanaweza kusoma sentensi ile ile uliyomwandikia rafiki. Tofauti hizo ni za njia tunazopitia. Watu ni wale wale.

Wanaozishikilia sana dunia mbili, nionavyo, mara nyingi wana jambo la kukwepa: amemtukana mtu, akibanwa anasema, "Hiyo ilikuwa Facebook tu." Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni haimpi kisingizio hicho. Kumnyanyasa mtu mtandaoni ni kosa la jinai, na mshtakiwa husimama kizimbani kama washtakiwa wengine.