ELIMU KWA UMMA: Kabla hujahamishia mfumo wa biashara yako kwenye wingu

Tangu Windows 10 iache kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, wafanyabiashara wengi hapa Dodoma wameshauriwa na mafundi wao waachane na seva za ofisini, yaani kompyuta kuu zinazotunza data za biashara, wahamie kwenye huduma za wingu, yaani kutunza data kwenye kompyuta za kampuni nyingine kupitia intaneti. Ushauri wenyewe hauna ubaya. Kompyuta iliyokaa chini ya kaunta pale Majengo, imefunikwa khanga kuzuia vumbi, UPS (betri yake ya akiba) inalia kila umeme ukikatika, na bakapu yake, yaani nakala ya akiba ya data, ni flashi moja iliyo kwenye droo hiyohiyo, haijawahi kuwa salama. Kuhama tunakuunga mkono. Kinachotufikia mezani ni malalamiko ya watu waliohama bila kujua wamehamia wapi, kwa jina la nani, na nani atajibu mambo yakiharibika.

Niseme hili mapema, maana tunalirudia kila semina na bado linaulizwa: mwenye wingu hachukui wajibu wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutambua wewe mwenye duka, zahanati, shule au SACCOS kuwa mkusanyaji wa taarifa. Kampuni inayokutunzia ni mchakataji. Mteja akilalamika kwamba namba yake ya simu na deni lake vimesambaa mtaani, wa kwanza kuulizwa ni mkusanyaji. Kujibu kwamba "data ziko kwa wazungu" si utetezi.

Jambo linaloumiza watu zaidi wala si la kisheria. Kuna mama mwenye zahanati aliyehamisha kumbukumbu za wagonjwa, hesabu na stoo ya dawa kwa pamoja. Fundi alifungua akaunti kwa baruapepe yake yeye fundi, akaweka namba yake ya simu ipokee misimbo ya uthibitisho, na ada ya mwezi ikawa inakatwa kwenye kadi yake kisha anarudishiwa taslimu. Siku walipopishana kauli kuhusu malipo, nywila ikabadilishwa. Mama akaja na leseni ya biashara, cheti cha TIN na risiti zote, akitaka arudishiwe mfumo wake. Mtoa huduma aliye nje ya nchi haangalii karatasi hizo. Kwake, mwenye akaunti ni yule ambaye baruapepe yake imesajiliwa. Suala liliisha kwa mazungumzo na fundi akakabidhi, lakini muda wote huo wagonjwa wa presha na kisukari walihudumiwa kwa kukumbuka na kwa daftari jipya.

Simtuhumu fundi yeyote. Wengi hufanya hivyo ili kumrahisishia mteja asiyetaka usumbufu. Lakini akaunti ifunguliwe kwa baruapepe ya biashara, uthibitisho wa hatua mbili uende kwenye simu ya mmiliki, na fundi apewe ruhusa za kazi yake tu, ambazo mmiliki anaweza kuziondoa wakati wowote. Ukimaliza kusoma hapa, ingia kwenye akaunti uangalie ni baruapepe ya nani iliyoandikwa kama mmiliki mkuu.

Pili, mkataba. Sheria inataka uwe wa maandishi, uchague mchakataji mwenye dhamana ya kutosha ya usalama, naye afanye kazi kwa maelekezo yako tu. Uandike pia data zitatunzwa nchi gani, utajulishwaje zikivuja, na siku ukiondoka utazipata kwa mfumo upi wa faili. Kipengele hicho cha mwisho wengi hukiruka, na ndicho watoa huduma wengine hukitegemea ili usiondoke.

Sasa tuje kwenye eneo. Microsoft ilifungua vituo vyake vya wingu Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Hiyo ni karibu ukilinganisha na Ulaya, lakini bado ni nje ya nchi. Kupeleka huko taarifa za wateja wako ni kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na kunahitaji kibali cha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Utaratibu uko hivi: kwanza unajisajili Tume kama mkusanyaji, unapata cheti cha miaka 5. Usajili ukishakamilika ndipo unajaza ombi la kibali, ukieleza aina ya taarifa, nchi zinakokwenda, anayezipokea, sababu ya kuzipeleka, na hatua za usalama zilizopo. Anayeomba kibali kabla ya kusajiliwa anajichelewesha mwenyewe. Wala kibali hakifutwi na ukweli kwamba nchi inayopokea ina sheria nzuri ya ulinzi wa taarifa, kwa sababu hilo ni jambo la kupimwa na Tume, si la kuamuliwa na fundi. Ukichagua mtoa huduma anayetunza data ndani ya nchi, kwa mfano kwenye Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, hatua hii ya kibali haikuhusu. Usajili bado unakuhusu.

Wenye SACCOS na wakopeshaji wasome hapa kwa makini. Miamala ya fedha ya mtu binafsi imo kwenye taarifa nyeti, pamoja na taarifa za afya na za watoto. Tafadhali tusisikie tena kwamba orodha ya wadaiwa ni "mambo ya ndani ya ofisi".

Adhabu zipo na zinatofautiana. Mtu binafsi anayefichua taarifa kinyume cha sheria hutozwa faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni hutozwa kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Kuharibu, kufuta au kuficha taarifa isivyo halali kuna faini ya hadi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka 5. Kupuuza maelekezo ya Tume ni faini ya kiutawala inayoweza kufika milioni 100.

Mtandao nao una mambo yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Mwuza mahindi Kibaigwa hawezi kumwambia dereva wa lori asubiri mpaka waya utengenezwe. Chagua programu inayoendelea kuuza bila mtandao na kupeleka kumbukumbu kwenye wingu mtandao ukirudi, na uwe na laini ya mtandao mwingine pembeni. Bakapu ibaki sehemu ya pili pia. Kituo cha data cha kampuni ya wingu ya OVH kilichoungua Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021 kiliwapotezea data wateja waliodhani kuwa wingu lenyewe ni bakapu.

Kuhusu malipo, mtoa huduma aliye nchini anayekutoza kwa dola anakiuka kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni. Mwombe ankara ya shilingi.

Mfumo wa zamani usizimwe siku ya kuhama. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5, kwa hiyo hakikisha kwanza mauzo ya miaka ya nyuma yamehamia yote na yanafunguka, ukilinganisha jumla ya kila mwezi na ritani ulizowasilisha. Ukisharidhika, hata diski ya kompyuta ya zamani isiuzwe kwa wanunuzi wa vifaa chakavu ikiwa na majina ya wateja ndani. Ifutwe kwa programu maalumu au itobolewe kabisa, namba yake iandikwe kwenye fomu, na aliyeifuta asaini pamoja na mmiliki.