Unene wa watoto si wa matajiri tu

Kuna hii meseji inazunguka sana kwenye magrupu ya wazazi, eti unene wa watoto ni shida ya matajiri, sisi wa kipato cha chini mtoto akinenepa ni afya na atapungua akikua. Si kweli jamani. Watoto wengi wakinenepa sana wanabaki hivyo hivyo ukubwani, na kisukari na presha hazichagui mfuko. Tena vinavyonenepesha ndo vya bei rahisi mtaani, soda, juisi za unga, chipsi, maandazi. Soma lebo ya soda, gramu za sukari gawanya kwa 4 unapata vijiko vya chai, utashtuka.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, tumezoea kukonda ni njaa au ugonjwa, kwa hiyo mashavu yakijaa bibi anafurahi. Ila macho hayapimi. Mtoto wa chini ya miaka 5 mpeleke kliniki na kadi yake, muombe nesi aangalie uzito kwa urefu, sio uzito peke yake. Na usimnyime chakula tafadhali, mpe maharage, dagaa, mchicha, maji badala ya soda, na umwache acheze. Hiyo meseji ikikufikia tena usiifowadi, mwelekeze aliyeituma kliniki.