Tukio Lisiloonyeshwa: Filamu na Vitabu Nilivyoishi Navyo Mwaka Huu

Kila mwaka ninaweka daftari moja ambalo ndani yake ninaandika jina la filamu niliyoitazama au kitabu nilichokimaliza, tarehe, na sentensi moja tu kuhusu kilichobaki akilini siku iliyofuata. Wiki hii nimelipitia daftari la mwaka unaokwisha, na nimegundua jambo ambalo sikulikusudia: sentensi nilizozipigia mstari, karibu zote, zinazungumzia kitu ambacho mwandishi au mwongozaji hakukionyesha. Kifo kisichoonekana, safari isiyosimuliwa, miezi mitano iliyorukwa kwa sentensi moja. Mimi ni mhariri wa filamu, na kuondoa ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo sina budi kujiuliza kwa nini mapengo hayo yamenishika kuliko yote yaliyoonyeshwa.

Niseme mapema kwamba hakuna hata moja kati ya kazi nitakazozitaja iliyotoka mwaka huu. Filamu mpya ninazitazama kazini, nikiwa na kalamu mkononi na saa pembeni. Nikirudi nyumbani ninatafuta zile za zamani, ambazo hakuna anayenisubiri nizitolee maoni.

Mwaka ulianza na kitabu cha kazi yangu mwenyewe, nilichokisoma kwa mara ya tatu: *In the Blink of an Eye* cha Walter Murch, mhariri wa picha na sauti aliyefanya kazi katika *Apocalypse Now*, filamu iliyopigwa picha za zaidi ya saa 230 kabla haijapunguzwa kuwa filamu ya kutazamika kwa kikao kimoja. Murch anaorodhesha vigezo sita vya kuamua mahali pa kukata, na kila kimoja anakipa uzito wake: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho la mtazamaji lilipo 7, halafu vigezo viwili vinavyohusu mpangilio wa vitu katika fremu na katika nafasi halisi, asilimia 5 na 4. Namba hizo ni namna yake ya kutania kwa uzito, lakini mpangilio wake ninauamini kabisa. Ikilazimu kupoteza kitu, hisia iwe ya mwisho kupotea. Basi swali lililonisumbua tangu Januari ni hili: ikiwa hisia inazidi vigezo vingine vyote vikijumlishwa, inakuwaje mabingwa wa fani hii wanakata pale pale ambapo hisia ingetarajiwa kufika kileleni?

Jibu la kwanza nililipata kwa kuweka kitabu kimoja na filamu moja bega kwa bega. Kitabu ni *Kifo cha Ivan Ilyich* cha Leo Tolstoy, kilichotoka mwaka 1886. Filamu ni *Ikiru* ya mwongozaji wa Japani Akira Kurosawa, ya mwaka 1952, ambayo iliitikia kitabu hicho ikiwa mbali nacho kwa miaka na kwa bara. Zote mbili zinahusu mtumishi wa serikali anayekufa. Tolstoy anaanza na habari ya kifo. Katika jengo la mahakama, wakati wa mapumziko, mmoja wa wenzake anasoma gazetini kwamba Ivan Ilyich amefariki, na jambo la kwanza linalopita katika kichwa cha kila mmoja wao ni nani atakipata cheo kilichoachwa wazi. Kisha mmoja anakwenda msibani, anaketi kwenye kigoda laini chenye springi mbovu zinazomrusha, na anajitahidi kuonyesha huzuni huku kigoda kikimgomea. Baada ya hapo ndipo Tolstoy anarudi nyuma kutusimulia maisha ya marehemu. Kwa macho ya mhariri, alichokifanya ni kuliondoa swali. Hatusomi tena ili kujua kama mgonjwa atapona. Tunasoma tukitazama namna mtu anavyoishi akiwa hajui tunachokijua sisi.

Kurosawa analiondoa swali hilo hilo kwa picha ya kwanza kabisa ya filamu yake, ambayo ni picha ya eksirei ya tumbo, huku msimulizi akitueleza kwamba mwenye tumbo hili ana saratani na bado hajajua. Mzee Watanabe amekaa ofisini karibu miaka thelathini akigonga mihuri. Anapoutambua ugonjwa wake, anahangaika, anajaribu pombe na starehe za usiku, anajiegemeza kwa msichana aliyewahi kufanya kazi chini yake ambaye sasa anatengeneza vikaragosi vya sungura kiwandani, na mezani pa mkahawa, mbele ya sungura mmoja wa kuchezea, anapata wazo la jambo moja analoweza kulifanya kabla hajaondoka duniani. Anamnyakua yule sungura na kushuka ngazi mbio. Wakati huo huo wanafunzi waliojaa ukumbini wanaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, wakimwimbia mwenzao anayepanda ngazi zile zile. Wimbo si wake, lakini unamwangukia yeye. Mwaka huu nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote, nikizima sauti, nikiiwasha, nikihesabu fremu, na kila mara ninashindwa kubaki mhariri.

Kisha linakuja pengo. Watanabe anarudi ofisini, analitoa faili la akina mama wanaoomba bwawa la maji machafu lifukiwe na kugeuzwa uwanja wa watoto kuchezea, anatoka nje kwenye mvua kwenda kuliona eneo, na msimulizi anatuambia kwamba miezi mitano baadaye mtu huyu alifariki. Tukifumba na kufumbua tuko msibani, mbele ya picha yake. Filamu inakaribia kubakiza theluthi moja, na mhusika mkuu ametoweka. Juhudi zote alizozifanya ili uwanja ujengwe, yaani kile ambacho mwandishi wa kawaida angekifanya kuwa moyo wa hadithi, hatukuziona.

Tunachopewa ni wenzake wakinywa na kubishana. Mmoja anakumbuka jinsi alivyokaa kimya mlangoni pa ofisi fulani siku baada ya siku. Mwingine anakumbuka alivyotishwa na wahuni akatabasamu tu. Wakubwa wamekwisha kuondoka baada ya kujitwalia sifa. Baadaye anaingia askari wa doria na kusimulia kwamba usiku wa mwisho alimwona mzee ameketi kwenye bembea, theluji ikianguka, akiimba. Mpaka hapo tumekwishapewa kila tunachohitaji ili tumjenge mtu huyu sisi wenyewe. Kurosawa angetuonyesha miezi mitano kwa mfululizo, tungemshangilia Watanabe kama mshindi. Kwa kuikata, anatulazimisha tukae meza moja na watu ambao walimwona kila siku wasimwone, na mzigo wa kumwelewa unahama kutoka kwenye skrini na kuja kwetu. Hapo ndipo asilimia 51 ya Murch ilipo: hisia haikukatwa, imehamishiwa kwa mtazamaji.

Mwezi Mei nilijaribu kuyatumia haya katika kazi yangu, na nilikosea kwa namna iliyonifundisha. Nilikuwa ninahariri filamu ya hali halisi kuhusu ndugu wawili wazee, na mmoja wao alifariki wakati upigaji picha ukiendelea. Katika rasimu ya kwanza mazishi yalichukua dakika kumi na moja. Mimi na mwongozaji tulilia kila tulipoyatazama, lakini watu wachache tulioalika kutazama rasimu hiyo walijikunja vitini na kuangalia chini, kama wageni walioingia chumba kisicho chao. Nikapendekeza tuyaondoe yote, tutoke kwa wazee wawili wakinywa chai hadi kwa mmoja akiwa peke yake. Mwongozaji alikataa kwa wiki nzima, kisha akaniruhusu nijaribu. Watazamaji wa mara ya pili waliuliza mzee mwingine amekwenda wapi. Wapo waliodhani amesafiri. Nilikuwa nimekata tukio pamoja na vitu vilivyopaswa kulizunguka. Tulirudisha picha moja ya sekunde sita, viatu vingi vikiwa vimevuliwa mlangoni pa nyumba ambayo tangu mwanzo tuliiona ikiwa na jozi mbili tu, na hapakuwa tena na aliyeuliza.

Jozi zile mbili za viatu zilikuwa zimeonekana mara tatu kabla, na sikuzipanga mimi, zilikuwepo tu kwenye picha. Waandishi wakubwa wanazipanga. Mwezi Julai nilisoma tena *To the Lighthouse*, riwaya ya Virginia Woolf ya mwaka 1927, ambayo sehemu yake ya kwanza inajaa siku moja ya familia katika nyumba iliyo karibu na bahari, na sehemu ya pili, fupi sana, inapitisha miaka kumi ndani ya nyumba hiyo ikiwa tupu. Mama wa familia, ambaye tumeishi ndani ya mawazo yake kwa kurasa nyingi, anakufa ndani ya mabano ya mraba, katika sentensi ambayo kiini chake ni mume wake akinyoosha mikono gizani asimpate wa kumkumbatia. Mara ya kwanza nilipoisoma, miaka iliyopita, nilidhani nimeruka ukurasa. Safari hii nilifuatilia shali. Usiku ule wa sehemu ya kwanza, mama anavua shali yake na kulizungushia fuvu la mnyama lililotundikwa ukutani, kwa sababu mtoto mmoja analiogopa na mwingine hataki liondolewe. Katika miaka ya utupu, wakati hakuna binadamu aliyemo, shali ile inalegea mkunjo mmoja, halafu mwingine, inaning'inia na kuyumba. Huzuni yote ambayo mabano yaliibana inatoka taratibu kupitia kitambaa hicho.

Nyumba tupu ya Woolf ilinipeleka moja kwa moja kwenye *Al-Inkishafi*, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, ambayo nilikuwa sijaisoma yote tangu ujana. Mshairi anausemeza moyo wake, anauonyesha fahari ya mabwana wa Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu: nyumba zilizong'aa kwa taa za kioo na za shaba hata usiku ukawa kama mchana, vitanda laini, watu wa kuwapepea walale. Kisha mabwana hao wamo katika nyumba za mchanga. Na nyumba zao za zamani? Makinda ya popo yananing'inia juu, hakuna sauti, buibui wametanda utando wao. Haelezi kwa urefu nani alikufa lini na kwa sababu gani, wala vita gani viliangusha dola gani. Anaiweka taa kwanza, halafu popo, na msomaji mwenyewe ndiye anayevuka kati ya viwili hivyo. Ninathubutu kusema kwamba huo ndio mkato bora kabisa niliokutana nao mwaka huu, na ulifanywa na mtu aliyetangulia kamera ya filamu kwa miongo mingi. Ubeti unamsaidia, kwa maana vina vinafunga mlango wa picha moja kabla ya picha nyingine kufunguliwa.

Sitasema mengi kuhusu Ousmane Sembène, mwandishi na mwongozaji wa Senegal, ingawa anastahili makala yake peke yake. Hadithi yake fupi *La Noire de...* inaanza na wapelelezi wakiwa nyumbani kwa waajiri, msichana Diouana akiwa tayari amekufa; filamu aliyoitengeneza mwenyewe kutokana na hadithi hiyo, ya mwaka 1966, inaanza na meli inayomleta Ufaransa. Mtu yule yule, kisa kile kile, mpangilio mwingine. Katika kitabu tunachunguza. Katika filamu tunaishi na sauti ya mawazo yake, kwa kuwa kwa kinywa hasemi karibu chochote. Nimewapa wanagenzi wangu wawili kazi ya kuvilinganisha, na bado wanabishana kipi kinauma zaidi.

Filamu ya mwaka kwangu, hata hivyo, ni *Hadithi ya Tokyo* ya Yasujiro Ozu, iliyotoka mwaka 1953. Wazee wawili wanasafiri kwenda kuwatembelea watoto wao mjini, watoto wana shughuli nyingi, wazee wanarudi, mama anafariki. Ozu hatuonyeshi treni ya kwenda. Tunawaona wakifunga mizigo na kutafuta mto wa kujazwa hewa, kisha tunaona mabomba ya moshi ya mji. Hatuonyeshi mama akiugua njiani. Tunaambiwa na mwanawe wa Osaka anapozungumza kazini. Lakini siku kadhaa kabla, kwenye ukuta wa bahari, tulimwona mama akitaka kusimama akapata kizunguzungu, akasema si kitu. Usiku wa mwisho, mwana ambaye ni daktari anasema huenda mama asifike asubuhi. Mkato. Alfajiri, gati, barabara isiyo na mtu. Mkato mwingine, na uso wa mama umefunikwa kitambaa cheupe. Baba hayumo chumbani. Yuko nje anatazama jua likichomoza, na anamwambia mkwewe kwamba alfajiri imekuwa nzuri, na leo kutakuwa na joto.

Niliitazama mara tatu mwaka huu, na mara ya tatu, wiki iliyopita, nilikuwa ninasubiri kitu kimoja tu. Mwanzoni mwa filamu, wazee wakiwa bado wanafunga mizigo, jirani anapita dirishani na kuwatakia safari njema. Mwishoni jirani yule yule anapita dirisha lile lile, anasimama, na kumwambia mzee kwamba sasa atakuwa mpweke. Kamera iko chini kama ilivyokuwa, fremu ni ile ile. Upande wa chumba alipokuwa ameketi mama, Ozu ameuacha wazi, na mzee anajipepea.