Anaona, Tena Mengine Sisi Hatuyaoni

"Mwache huyo, haoni kitu mpaka arobaini." Hapa Lamu mama aliyejifungua husikia neno hili karibu kila nyumba. Si kweli. Mtoto huona tangu kuzaliwa, ila kwa ukungu. Huona vizuri zaidi kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, pale ulipo uso wa mama anaponyonyesha. Mwaka 1963 mtafiti Robert Fantz wa Marekani alionyesha kuwa hata watoto wasiozidi siku 5 hutazama picha yenye michoro kwa muda mrefu kuliko karatasi tupu.

Akikodolea dari, tunaambiwa kuna kitu anakiona, malaika au jini. Kweli kipo: boriti! Katika nyumba zetu za kale mtoto hulazwa chali chini ya boriti nyeusi na chokaa nyeupe, na mistari ya giza na nuru ndiyo hulinasa upesi jicho changa. Imani ya malaika siigusi. Naomba tu mama asitiwe hofu ya jini bure.

Kubwa kuliko zote ni dhana kwamba mtoto huona tunachoona sisi, pungufu kidogo. Weka sinia la shaba dirishani. Jua likisogea, nuru inayotoka kwenye sinia hubadilika mno, lakini sisi twaliona lile lile, kwa kuwa ubongo umeshasawazisha. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kuwa watoto wa miezi 3 hadi 4 hutambua mabadiliko ya nuru pichani ambayo mtu mzima hayaoni kabisa. Kufikia miezi 5 uwezo huo umepotea, na kwenye miezi 7 ndipo huanza kupambanua kinachong'aa na kisichong'aa.

Wala si kwamba hadanganyiki. Ile picha ya nyoka ya Akiyoshi Kitaoka, iliyotulia lakini yaonekana kuzunguka, huwavutia watoto wa miezi 6 hadi 8 kana kwamba nao wanauona mzunguko.

Na tafadhali, msimpungie funguo mtoto wa wiki 3 kisha mkasema ana kasoro. Kutambua kitu kinaelekea upande gani huanza kwenye wiki ya 7 hivi. Kabla ya miezi 2 au 3 macho hufuata kwa kurukaruka. Akipita miezi 3 bila kufuata chochote, au akiendelea kuwa na makengeza baada ya miezi 4, mpelekeni kliniki.