"Mimi ni wa ngapi?" Dhana potofu kuhusu mgawo wa viungo vya kupandikiza Marekani, na ukweli wake

Kazi yangu ni ukalimani hospitalini hapa Marekani, Kiswahili na Kiingereza. Katika kliniki ya figo, swali ninalolitafsiri kuliko yote, la wanaosubiri kupandikizwa figo, ni hili: "Mimi ni wa ngapi?" Mzee mmoja wa Fizi, Kivu ya Kusini, aliliuliza kila alipokuja. Muuguzi mratibu naye alimjibu kila mara kwamba hana namba ya kumpa. Siku moja mzee akanigeukia: "Mwanangu, mwambie sitakasirika. Aseme tu." Muuguzi hakuwa anaficha kitu, maana namba yenyewe haipo.

Dhana: "Ni foleni. Aliyetangulia kufika ndiye wa kwanza kupewa."

Hilo neno foleni ndilo linalotupotosha. Mtu akifariki na viungo vyake vikatolewa, taarifa zake huingizwa kwenye kompyuta ya taifa ambayo shirika la UNOS limeiendesha tangu miaka ya themanini: kundi la damu, umbo, hospitali alipofia. Kompyuta inatoa orodha ya kiungo hicho kimoja tu. Kesho ikipatikana figo nyingine, orodha inapangwa upya. Mzee wangu anaweza kuwa wa nne Jumatatu na wa mia mbili Jumanne, na siku zote mbili asiambiwe lolote.

Kwa mapafu, muda wa kusubiri ndio uliotawala hadi mwaka 2005. Matokeo yake kila mbongo anaweza kuyabashiri: watu waliandikishwa mapema kabla hawajazidiwa, kama tunavyoacha ndoo bombani alfajiri na kurudi kulala. Aliyeugua ghafla alikuta ndoo za watu zimepangwa mbele yake, akafa nyuma yao. Tangu Mei 2005 kinachopimwa ni hali ya mgonjwa na uwezekano wake wa kuishi baada ya upasuaji.

Ini lilitangulia kubadilishiwa utaratibu, Februari 2002. Mgonjwa hupewa alama za MELD, kuanzia 6 hadi 40, zinazokokotolewa kutoka kwenye vipimo vya damu ili kukadiria nani yuko hatarini kufa ndani ya miezi mitatu. Vifo vya wanaosubiri vilipungua. Lakini kipimo kimojawapo ni kreatinini, takataka inayotokana na misuli, ambayo ikizidi kwenye damu hupandisha alama, na wanawake kwa kawaida wana misuli michache. Mama na baba wenye ugonjwa uleule wakapata alama tofauti, na mama ndiye aliyepunjwa. Marekebisho yaliyowaongezea wanawake alama 1.33 yalianza kutumika mwaka 2023. Ilichukua miaka zaidi ya ishirini.

Dhana: "Mwenye pesa anaruka watu."

Kompyuta haijui pesa. Sheria ya mwaka 1984 inakataza kuuza na kununua viungo, na katika alama hakuna mahali pa kuandika mshahara. Pesa inapita mlangoni, kabla ya kompyuta.

Steve Jobs, tajiri mwanzilishi wa kampuni ya Apple, aliishi California, lakini mwaka 2009 alipandikizwa ini Memphis, Tennessee. Hospitali, kwa ridhaa yake, ilieleza kwamba ini lilipopatikana yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi katika orodha ya kundi lake la damu. Hakuruka mtu. Ila kanuni zinaruhusu kujiandikisha katika hospitali zaidi ya moja, mradi ukipigiwa simu usiku wa manane uweze kufika ndani ya saa chache. Mwenye ndege anaweza kusubiri kokote. Mpakia mizigo wa ghala anasubiri mahali basi linapofika.

Hata kuandikishwa kwenyewe kuna mtihani. Nani atakuendesha kliniki kila wiki? Nani atakaa nawe nyumbani? Dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo utazilipiaje? Bima ya serikali ya Medicare ililipia dawa hizo miezi 36 tu kwa wengi waliopata figo, kisha ikaacha, mpaka sheria mpya ilipoanza Januari 2023. Nimewatafsiria watu maswali hayo na kuwaona wakisinyaa kitini. Anayekwama hapo hayumo kwenye hesabu yoyote ya waliorukwa, kwa sababu jina lake halikuingia.

Dhana: "Figo nzuri kabisa apewe aliye hoi kabisa."

Kwa ini ndivyo ilivyo, lakini kwa figo sivyo, maana mwenye figo mbovu ana mashine ya kusafisha damu ya kumsogeza siku. Tangu Desemba 2014, asilimia 20 ya figo zinazotarajiwa kudumu zaidi huelekezwa kwa asilimia 20 ya wagonjwa wanaotarajiwa kuishi muda mrefu zaidi. Wazee wananung'unika, na sioni kosa lao.

Dhana: "Kiungo kikisafiri mbali zaidi, haki nayo inaenea."

Zamani figo iligawiwa kwanza ndani ya mipaka ya eneo ilipopatikana, kwa hiyo upande mmoja wa mpaka mtu alisubiri miaka miwili na upande wa pili sita. Machi 2021 mipaka ikafutwa. Sasa unachorwa mduara wa maili 250 za baharini, takriban kilomita 463, kuizunguka hospitali ya marehemu. Ni karibu na safari ya barabara ya Dar hadi Dodoma. Nafasi zimesogea kwa wengi. Lakini figo iliyo kwenye barafu nayo inahesabu saa zake: hospitali ya kwanza inakataa, ya pili inafikiri, ya tatu inauliza ndege. Takriban robo ya figo zinazotolewa kwa marehemu nchini humu huishia kutotumika. Si safari peke yake inayosababisha, ila kila saa ya kusitasita inamfanya anayefuata naye asite.

Dhana: "Kwetu hakuna mambo ya sera, ni upendo wa ndugu tu."

Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo Novemba 2017, mtoaji alikuwa ndugu aliye hai. Basi huo nao ni mgawo: asiye na ndugu mwenye afya, damu inayolingana na moyo wa kukubali, yuko nje kabla hajapimwa. Aliyezaliwa peke yake ameshapangiwa.

Dhana: "Muda wako unahesabiwa tangu siku ulipoandikishwa."

Hapa narudi kwa mzee wa Fizi. Tangu Desemba 2014, kwa mgonjwa wa figo muda unahesabiwa kuanzia siku alipoanza kusafishwa damu, hata kama aliandikishwa miaka mingi baadaye. Iliwafaa sana maskini na wahamiaji, ambao madaktari huchelewa kuwapeleka kliniki. Kuna na njia ya pili: hata bila mashine, kwa aliyekwisha kuandikishwa, figo zikishuka hadi 20 au chini ya hapo katika kipimo cha nguvu ya kuchuja, kinachokokotolewa kutoka kwenye kreatinini ya damu, muda unaanza kuhesabiwa.

Na katika kipimo hicho kulikuwa na jambo. Fomula iliyotumika tangu 2009 ilikuwa inazidisha jibu la mtu mweusi kwa 1.159, kwa dhana kwamba weusi wana kreatinini nyingi kwa asili. Mweupe mwenye 18 alikuwa na sifa ya kuanza kuhesabiwa muda. Mweusi mwenye damu ileile, umri uleule, aliandikiwa 21: figo zako bado, rudi baadaye. Mwaka 2022 fomula hiyo ikapigwa marufuku katika orodha ya taifa, na kuanzia Januari 2023 hospitali zikaamriwa kupekua wagonjwa weusi wote waliokuwa wakisubiri figo na kuwarudishia muda wao. Ndani ya mwaka mmoja na ushee, zaidi ya watu 14,000 walirudishiwa.

Barua ya mzee kuhusu jambo hilo ilikuja kwa Kiingereza na akaileta bila kuifungua, akidhani ni bili. Ilisema ushahidi wa vipimo vya zamani unahitajika. Akainama, akatoa chini ya kiti mfuko wa rambo wenye karatasi zake zote tangu aingie nchi hii, zimekunjwa mara nne nne. Muuguzi akachambua hadi akaipata moja, ya kabla hajaanza mashine. Majibu yalichapwa mistari miwili: 18 kwa wasio Wamarekani Weusi, 21 kwa Wamarekani Weusi. Mstari wa chini ulizungushiwa kalamu.

Mzee akauliza wamezungushia nini. Nikamweleza.

"Nani aliwaambia mimi Mmarekani?" akasema. "Mimi Mbembe."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Muuguzi akaipiga karatasi picha, na baada ya wiki tatu tarehe ya mzee ikarudishwa nyuma miezi 14.